Kidari cha Mzee Mkiramweni

"Kidari hakipasuliwi. Anayetaka kukipasua aanze na mimi."

Aliyesema hivyo ni Kangero, mkataji wa nyama wa ukoo, na kisu alikuwa nacho mwenyewe mkononi, kwa hiyo watu walinyamaza. Hadithi yangu naianzia hapo kwenye ugomvi kwa sababu ndipo ilipo. Asiyependa ugomvi akachume mboga.

Hapo zamani, Injili ikiwa imekwisha kupanda milimani lakini barabara bado, kulikuwa na ukoo mmoja wenye desturi hii: mbuzi wa mavuno akichinjwa, kila nyama ina mwenyewe. Kichwa cha wajomba. Mgongo wa wazee. Maini ya mama mwenye mji. Miguu ya waliolima. Na kidari, kile kifua chenye mafuta, ni cha mtoto wa nyumba. Si mtoto yeyote. Ni yule ambaye baba akifumba macho, mji utaitwa kwa jina lake, na zamu ya maji ya bwawa itakuwa yake. Mbuzi ana kidari kimoja na mji una mrithi mmoja. Tena mpaka kidari kipate mwenyewe, hakuna anayetia kitu mdomoni, hata mtoto aliyeota jino jana.

Siku hiyo nyama ilikuwa imelala juu ya majani ya mgomba, moto umekolea, watu wanameza mate, na kidari kinadaiwa na watatu. Baba yao, Mzee Mkiramweni, alikuwepo. Alikuwa amekalishwa kwenye kiti chake mlangoni, lakini kiharusi kilikuwa kimemchukua ulimi na mkono wa kushoto. Kabla ya hapo alikuwa amemwachia Kangero, mdogo wake, neno moja tu: "Kidari changu mpe mtoto aliyekuja kuwa kile nilichomchukua awe."

Mnauliza mtoto anachukuliwaje. Nilikuwa nakuja huko.

Mkiramweni na mkewe Namsifu hawakujaliwa kuzaa. Lakini msianze kuwahurumia, hawakuomba huruma ya mtu. Walikuwa na kahawa, migomba, mbuzi na ng'ombe wa maziwa. Ukipita nje ya nyumba yao jioni uliwasikia wakicheka wawili kama watu kumi. Ukaja mwaka wa homa huko tambarare, watoto wakabaki bila wazazi. Mkiramweni akateremka na punda wake, akarudi na watoto watatu ambao hata hawakuwa ndugu: Tuvako, Nakiete na Mbonea.

Majirani wakamzonga. "Umepungukiwa na nini, Mkiramweni?"

"Sijapungukiwa."

"Unataka vibarua?"

"Vibarua ninao."

"Unataka wa kukuzika?"

"Ukoo utanizika."

"Sasa hawa wa nini?"

Akacheka, akaingia ndani, akafunga mlango. Ndiyo asili ya mambo yote haya. Mtu mmoja alikuwa na jibu, hakulitoa wakati ana ulimi, na siku lilipotakiwa ulimi hana.

"Haya, semeni," Kangero akawaambia wale watatu. "Na semeni kwa kifupi. Nyama haijui heshima, itaoza tu."

Tuvako akatangulia. Alikuwa mtu wa mabega, mikono imepasuka kama gome.

"Baba mdogo, mimi sina maneno. Tazama matuta yale. Nani aliyajenga kwa mawe? Mimi. Zamu yetu ya maji ikifika alfajiri, nani anayefungua bwawa? Mimi. Nilimkuta baba na migomba ya kuhesabika, leo ukiingia shambani unapotea. Na Maandiko tumefundishwa wote. Mungu alipomwumba Adamu alimweka bustanini ailime na kuitunza. Hakumwambia akae avimbe. Mtu ameumbwa atumike. Baba alinichukua nitumike, nimetumika. Nipe kidari changu."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Neno lilikuwa na uzito.

"Umemaliza?" Nakiete akauliza. Huyu ndiye aliyekuwa akimlisha mzee, akimwogesha na kumwimbia. "Basi nikuulize, kaka. Baba anapenda uji wa aina gani?"

Tuvako akatazama matuta yake.

"Wa ulezi, uliopoa kidogo. Anaogopa nini?"

"Baba haogopi kitu."

"Anaogopa radi. Tangu utotoni. Alikuwa ananishika mkono mvua ikianza, mzee mzima. Wewe hujui, kwa sababu kila alipokuita uote moto naye ulijibu maji yanakungoja. Miaka yote umekula umesimama, kongoro mkononi, jembe begani. Maandiko unayoyasema nimeyasoma mimi pia. Mungu alikuwa akitembea bustanini wakati wa jua kupunga, akamwita Adamu, 'Uko wapi?' Hakuja kukagua matuta. Alimtaka mwenyewe. Mtu ameumbwa akae na Mungu, amjue, amwimbie. Baba alinichukua nikae naye, na nimekaa. Kidari ni changu."

"Kukaa si kazi," Tuvako akasema.

"Ndiyo maana hukuwezi."

Watu wakacheka, na Kangero akawatazama mpaka wakaacha.

Sasa Mbonea. Huyu alikuwa nyuma kabisa, karibu na zizi, amefika asubuhi ile ile kwa miguu. Alikuwa ameondoka mji ule zamani kwa kishindo, baada ya kumwambia baba yake mbele za watu kwamba ni mzee mgumu asiyesikia la mtu. Na hakuondoka mikono mitupu. Aliondoka na mbuzi wa baba yake, jike na wanawe, bila ruhusa. Kwa lugha yangu huo ni wizi, na sitatafuta neno laini. Nyuma yake siku hiyo walisimama watoto wanne wembamba, kila mmoja na sura ya mama yake, na hakuna hata mmoja aliyefanana naye.

"Huyu naye anadai nini?" akasema jirani mmoja, Mama Nakundwa, aliyekuwa na njaa kuliko wote. "Si ameshakula mbuzi wazima?"

"Sikuwala, mama," Mbonea akajibu. "Walikamuliwa. Hawa ndio waliokunywa maziwa." Akawaonyesha wale watoto. "Wazazi wao walikufa huko chini kama walivyokufa wetu. Niliwakuta wanaokota makombo sokoni. Sikuwa na mji, nikajenga kibanda. Sikuwa na maziwa, nikakumbuka zizi la baba. Sasa Tuvako, wewe unajua kazi ya baba. Nakiete, wewe unajua uji wa baba. Lakini kitu kimoja baba alichokifanya ambacho mlima mzima haujakielewa mpaka leo, ni nani kati yetu aliyekifanya tena? Mungu alimwumba mtu kwa mfano wake. Tumeikariri wote. Mfano haukai tu kifuani kama kovu, unatendwa. Baba alinichukua nifanane naye. Nimefanana."

"Umefanana naye ukiwa mbali," Nakiete akasema. "Alipoanguka nilikutumia ujumbe. Hukuja."

"Mmoja wao alikuwa na homa."

"Na baba alikuwa anakufa."

Mbonea akamvuta karibu mmoja wa wale watoto. Alitazama chini, na hapo hakuwa na Maandiko.

"Na wewe," Tuvako akamgeukia Nakiete, "usijifanye malaika. Mwaka wa njaa watoto walikuja hapa mlangoni wakilia. Nani aliwafukuza kwa ufagio?"

"Baba alikuwa amelala."

"Baba alikuwa macho. Nilikuwa juu ya paa naezeka, nilimwona. Alitazama ule ufagio."

Basi mambo yakawa hivyo. Kila mmoja ana haki yake na kila mmoja ana doa lake, na mbuzi hana vidari vitatu. Akatokea mjanja, hakosekani, akasema kigawanywe mafungu matatu. Hapo ndipo Kangero alipotoa yale maneno niliyoanza nayo. Kupasua kidari ni kupasua mji. Ukiona mji wenye milango mitatu na bwawa moja, subiri kiangazi uone watu wanavyofukuzana na majembe.

"Mkiendelea hivi mbuzi atafufuka," Mama Nakundwa akasema.

Kangero akamgeukia shemeji yake Namsifu, ambaye siku nzima alikuwa amekaa kando ya mumewe akimfuta mate kwa kitambaa.

"Shemeji. Wewe umelala naye nyumba moja maisha yenu yote. Hata wewe hakukuambia kwa nini aliwaleta hawa?"

"Aliniambia," Namsifu akasema.

Uwanja mzima ukageuka. Hata Kangero alishusha kisu.

"Na umenyamaza tangu asubuhi?"

"Hukuniuliza. Umeuliza watoto." Akakunja kitambaa. "Ilikuwa jioni, tunakula. Ndizi na nyama, si kitu cha ajabu. Akaweka kijiko chini. Nikadhani amepata mfupa. Akasema, 'Namsifu, chakula hiki ni kitamu mno kwa watu wawili.' Kesho yake akateremka na punda."

"Basi?"

"Basi. Hakupungukiwa na kitu. Kilikuwa kimezidi."

Mnadhani mambo yaliisha hapo? Yaliharibika zaidi.

Tuvako akasema, "Mmesikia. Chakula. Na chakula kinatoka wapi? Kitamu kilizidi mwaka ule, kingekwisha mwaka uliofuata. Nani amekijaza chungu mpaka leo?"

Nakiete akasema, "Mmesikia. Alitaka wa kula naye. Nani aliyekaa akala naye, kijiko kwa kijiko, mpaka sasa ninapomshikia kijiko mimi?"

Mbonea akasema, "Mmesikia. Aliona ni kitamu mno kwa wachache, akatafuta wengine. Hawa wanne hapa nyuma, nani aliyewaita mezani?"

Maneno yale yale ya mtu mmoja, na kila mmoja ameyavaa yakamtosha.

Kangero alikuwa mtu wa kukasirika upesi, lakini hakuwa mtu wa hila. Akakichukua kidari kizima kwa mikono miwili, akakipeleka mlangoni, akapiga goti mbele ya kaka yake. "Kaka, mimi nimeshindwa. Mkono wa kulia unao. Mwonyeshe mwenyewe."

Mzee Mkiramweni akakitazama kidari. Akamtazama Tuvako, akamtazama Nakiete, akamtafuta Mbonea kule zizini mpaka akampata. Machozi yalikuwa yakimtoka jicho moja, lile lililobaki zima. Akainua mkono wa kulia pole pole, akakifungua kiganja, akaupunga kuelekea ndani ya nyumba. Tunaujua wote mkono ule. Ni mkono wa mtu anayesema karibuni, chakula tayari.

Watatu wote wakapiga hatua.

"Mmoja," Kangero akasema. "Kaka, nimesema mmoja."

Mkono ukaendelea kupunga vile vile.

Mimi hadithi yangu imefika hapo. Moto unawaka, kidari kiko mikononi mwa Kangero, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye viwiko, na ukoo mzima una njaa. Na ninyi ndio mnaouliza kila Jumapili, mkitoka ibadani na nguo safi, kwamba Mungu alikuwa na malaika na mbingu zote, hakupungukiwa na kitu, alimwumba mtu wa nini. Mnauliza kama watu wenye haki ya kujibiwa. Basi leo anayeulizwa si mimi, ni ninyi.

Je, aliyekuja kuwa kile alichochukuliwa awe ni yupi? Aliyetumika bila kukaa, aliyekaa bila kumfungulia mwingine mlango, au aliyefanana na baba yake akamwacha peke yake siku ya kuanguka?

Mmesikiliza mpaka mwisho bila kutoa kitu. Jibu ni deni lenu. Nilipeni.