Sufuria Ishirini za Tajiri Kihwelo

Tajiri Kihwelo aliuza sufuria kwenye tovuti yake, lakini watu walizitazama na kuondoka. Akamwita Siwema, jirani yake.

"Sambaza kiungo hiki chenye jina lako. Wakinunua sufuria ishirini kufikia Ijumaa, nakupa moja. Wasiponunua, nachukua kuku wako anayeatamia."

"Sawa, mzee. Nikiipata nitampa jirani yangu aliyejifungua juzi, anapikiwa uji kwenye kopo."

Ijumaa sufuria zote ziliisha.

"Umewaroga?"

"Niliwatumia wanawake wawili tu. Kila mmoja nilimwandikia, 'Wifi yako amesema huwezi kununua hata kifuniko.' Wakashindana."

Tajiri akacheka mpaka akashika mbavu. "Na mjinga gani anawapa pesa?"

"Mmoja mkeo, mzee. Mwingine dada yako."