Bibi Nambua na Watoto wa Siku ya Saba

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, nyie mlioketi karibu na mafiga. Paukwa!

Pakawa!

Zamani, zamani sana, palikuwa na kijiji mlimani. Ukungu ulikaa huko asubuhi, ukakaa adhuhuri, jioni ukashuka bondeni kama unaokwenda kunywa maji. Mtu akitoka nje alionekana nusu: kichwa kipo, miguu haipo. Huko aliishi Bibi Nambua, mkunga. Kila mtoto wa kijiji alipolia ng'aa! ng'aa!, yeye ndiye aliyemsikia wa kwanza.

Lakini kijiji kile kilikuwa na jambo zito. Watoto wengi walizaliwa wazima. Siku ya kwanza mtoto ananyonya. Siku ya tatu ananyonya. Siku ya saba anaacha. Taya zinabana, ti! Mgongo unapinda. Ukimgusa, anakakamaa. Mlango ukilia ngwiii, anakakamaa.

Basi watu wakajifunza kunyamaza. Palipozaliwa mtoto, hakuna aliyetwanga, hakuna aliyecheka. Majogoo walihamishiwa ng'ambo ya kilima. Kijiji kizima kilitembea nyata, nyata, nyata, ndani ya ukungu, kama watu wanaoota ndoto moja. Na watoto bado walikufa.

"Ni pepo," watu walisema.

Nakiete, mke wa mwanawe Bibi Nambua, alikuwa amezika wawili. Alipopata mimba ya tatu hakumwambia mtu. Bibi alimtazama anavyoinama kuteka maji, akajua.

"Mwanangu, ni ya miezi mingapi?"

"Usiihesabu, mama. Pepo atasikia."

Neno lile lilimchoma Bibi. Kesho yake alichukua fimbo akashuka bondeni, ko, ko, ko, hadi kwenye zahanati. Alimkuta muuguzi mmoja, jina lake Foibe, anachemsha sindano kwenye sufuria.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Watoto wetu wanakufa siku ya saba. Wewe unamjua pepo huyo?"

Foibe hakucheka. "Ugonjwa huo unaitwa pepopunda, bibi, lakini si pepo. Ni kijidudu, jicho haliwezi kukiona. Kinakaa kwenye udongo na kwenye samadi, kinaingia penye kidonda. Kitovu cha mtoto mnakipaka nini?"

Maji yalichemka, bwata, bwata, bwata.

"Ninapaka samadi ya ng'ombe na majivu," akasema taratibu. "Kikauke upesi. Mama yangu alipaka hivyo."

Foibe akavuta kigoda, akakaa karibu naye. Akamweleza kwamba iko chanjo. Mama mjamzito anachomwa sindano, baada ya mwezi anachomwa ya pili, na kinga yake inamfikia mtoto tumboni. Kitovu kikatwe kwa wembe mpya, kisipakwe kitu.

Wakati wa kupanda mlima, ukungu ulimzunguka Bibi. Alisema baadaye kwamba aliwaona wale watoto, wamekaa kando ya njia, hawalii, wanamtazama tu. Alitaka kuwaita, lakini hawakuwa wamefikia siku ya kupewa majina.

Alipofika aliwakusanya wanawake mferejini, akawaeleza habari ya sindano. Wakaguna.

"Inafunga uzazi hiyo!" mmoja akapaza sauti. "Mtu wa bondeni atamjulia wapi pepo wa mlimani?"

"Hakuna pepo," Bibi akasema. Akanyoosha mikono yake mbele yao. "Ni mikono hii. Ilipaka samadi kwenye vitovu vya watoto wenu. Sikujua. Sasa nimejua, na siwezi kuwaficha."

Maji tu, shwaa, mferejini. Nakiete alimtazama kwa muda mrefu, akatua mtungi, akaondoka bila maji.

Siku tisa hakumsemesha. Alimwandalia chakula, akakiweka mlangoni, akaenda zake. Bibi alikula kidogo. Siku ya kumi, asubuhi, Nakiete alisimama uani, kanga ameifunga kiunoni.

"Nionyeshe njia ya huko," akasema.

Wakashuka wawili. Nyuma yao, ndani ya ukungu, Bibi akasikia nyayo nyingine, na nyingine tena. Hakugeuka, asije akawatia haya. Wanawake wakachomwa sindano, na baada ya mwezi walishuka tena. Wawili kati yao walitaka kubaki nyumbani kwa sababu mkono uliwauma mara ya kwanza. Bibi aliwafuata majumbani, akawabembeleza mpaka wakaja.

Nakiete alijifungua salama. Wembe ulikuwa mpya, uzi wa kufungia ulichemshwa, kitovu hakikupakwa kitu. Siku ya saba Bibi hakuthubutu kuingia. Alikaa nje, macho ameyafumba.

Mlango ukafunguka.

"Mama," Nakiete akasema, "mtoto ameng'ang'ania ziwa, haniachii. Njoo umshike, nami nipumzike."

"Mwanangu, kwa mikono hii?"

"Kwa mikono hiyo hiyo."

Akampakata. Mtoto alikuwa wa moto, mlaini, mdomo wake unatafuta maziwa.

Basi wanangu, mjamzito asikose chanjo zake zote, na kidonda kisipakwe samadi wala udongo. Na mkubwa akigundua amekosea, aseme, hata kama sauti inatetemeka. Bibi Nambua alisema, ndiyo maana tunamkumbuka.

Hadithi yangu nimeitua hapa, anayeitaka aichukue.