Kikande Aliyetaka Tangi Zima

— Paukwa!

— Pakawa!

— Kulikuwa na nini?

— Maji!

— Maji ya wapi?

— Ya sebuleni!

— Bahari sebuleni? Nani kaileta?

— Wewe msemaji! Semaaa!

Haya, sogeeni. Wewe mwenye karanga, tafuna polepole, maana humu mna mtu aliyeponzwa na kutafuna.

Hapo zamani, wala si zamani sana, umeme ulikuwepo, pale Tanga aliishi Bi Shemsa, mwoka keki za harusi. Sebuleni kwake palikuwa na tangi la kioo, na ndani ya tangi maji ya chumvi, mchanga, mawe, na matumbawe hai. Mkubwa wao alikuwa Bibi Tumbawe. Alipoletwa alikuwa kama kisahani cha kahawa. Akala mwanga, akanywa chumvi, akakua, akakua, akakua, hata akawa sinia la pilau. Ubavu wa kushoto ukagota kwenye kioo. Wa kulia ukamgusa nduguye, na matumbawe yakigusana huunguzana. Si kwa ubaya, ndivyo yalivyoumbwa.

"Samahani, dada, nimekuunguza."

"Mimi pia, dada, niwie radhi."

Kutwa kucha samahani na radhi, na huku ngozi zinababuka.

Hayo yangevumilika. Asiyevumilika alikuwa Kikande.

Kikande ni samaki wa meno. Mwili bapa, mdomo mdogo, hasira kubwa. Akipita hutangulia kukoroma: kru! kru! Akiona mchanga, "Wangu!" Akiona jiwe, "Langu!" Akiona chakula cha wenzake, "Changu!" Tumbawe likimbania njia hulisukuma kwa pua, gubu! Likabiruka. Juzijuzi alimbirua tumbawe mmoja mdogo, maskini akalala kifudifudi, akawa mweupe pe, akafa. Bibi Tumbawe alimlilia mpaka maji yakazidi chumvi.

Humo tangini aliishi pia kaa mdogo, wale wanaojisitiri ndani ya gamba la konokono. Wakikua hulitupa gamba wakatafuta lililo kubwa zaidi. Kwa hiyo akaitwa Hamahama. Chaka chaka, chaka chaka, ndio mwendo wake. Alikulia chini ya kivuli cha Bibi Tumbawe, mahali ambapo meno ya Kikande hayafiki. Bibi akibirukia mchangani, Hamahama hana tena kwao, na Kikande anapenda sana kaa.

Siku moja akaja Fundi Mbwana kupima ukuta. Bi Shemsa akamwambia, "Fundi, nataka tangi jipya, refu kama meza ya maharusi. Matumbawe yangu yamebanana, yatanifia hivi hivi nikiyatazama."

"Na hili la zamani, dada?"

"Libaki hapo hapo, na lile jiwe kubwa lenye ndevu libaki humo. Ule mwani mbaya ukiingia kwenye tangi jipya, nimekwisha."

Hamahama alisikia kila neno. Kikande alikuwa anatafuna, na mtafunaji husikia meno yake tu. Aliloambulia ni moja: tangi jipya.

"Kru! kru! Tangi jipya? Langu! Nitalala katikati. Tumbawe nitakalolikuta, gubu! Naanza na kile kibibi."

Bibi Tumbawe akakunja vidole vyote. "Hamahama mjukuu wangu, sina miguu. Nitakimbilia wapi mie?"

"Tulia, bibi. Miguu ninayo mimi."

Chaka chaka, chaka chaka, mpaka mbele ya Kikande. Moyo unamwenda mbio, lakini moyo wa kaa uko ndani ya gamba, nani atauona?

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema upesi, nina njaa."

"Sawa, mzee. Nina neno la safari. Nasikia samaki wote watachotwa kwa wavu. Hata wewe, mzee? Uchotwe pamoja na vidagaa, miguu juu?"

"Miguu sina! Na kwenye wavu siingii!"

"Ndiyo hapo, mzee. Mkubwa habebwi kwa wavu. Mkubwa hubebwa na kiti chake, na kiti cha humu ni jiwe lile la ndevu. Lakini labda tumwachie mwingine, maana shimo lake linataka mwenye mwiba wa nguvu…"

"Kru! Langu!"

"Sawa, mzee."

Sasa sikilizeni mila ya akina Kikande. Kikande akiingia shimoni husimamisha mwiba wa mgongoni, ta! kama komeo la mlango. Hapo hatoki. Na tangu babu na babu wameusiana hivi: ukivutwa, kaza. Mila nzuri sana hiyo, baharini.

Siku ya kuhama ikafika. Bi Shemsa kakunja mikono ya dera, Fundi Mbwana kashika ndoo. Mawe yakatolewa, chwaa! yakaingia tangi jipya, chubwi! Matumbawe madogo, chwaa, chubwi! Vidagaa, chwaa, chubwi! Ukaja wavu kwa Kikande. Akajitumbukiza ndani ya jiwe la ndevu, ta!

"Toka, baba, toka," Bi Shemsa akambembeleza.

"Kaza, mzee!" Hamahama akapiga kelele. "Wanakupima!"

Wavu ukagusa mkia, Kikande akakaza. Wavu ukagusa shavu, akakaza zaidi. Fundi Mbwana jasho likamtiririka. "Dada, nimvute?"

"Mwiba utamvunjika, maskini. Mwache kwanza, nimtoe Bibi wangu. Tukimaliza tumjaribu mara ya mwisho. Asipotaka, abaki na jiwe lake. Na si ndiye huyu anayenibirulia matumbawe?"

Wavu ukaondoka. Kikande akalegeza mwiba kidogo.

"We kaa! Mbona jiwe langu halinyanyuliwi?"

Hamahama akaogopa kweli. Kikande akitoka sasa, anachotwa, anapelekwa tangi jipya, na Bibi kwisha habari yake.

"Mzee, unadhani jiwe lako ni la kubebwa na watu wawili? Wanapumzika kwanza. Watakuja na wavu tena kukujaribu. Ukitoka, watasema kumbe hakuwa mkubwa."

"Sitoki!" Ta!

Mikono ya Bi Shemsa ikashuka taratibu, ikamshika Bibi Tumbawe chini kabisa. Hamahama akajipachika kwenye jiwe la bibi kwa miguu yake yote.

"We! Unakwenda wapi?"

"Natangulia kukutandikia, mzee!"

"Tandika katikati!"

"Sawa, mzee!"

Chwaa! Chubwi!

Wavu ukarudi kwa Kikande mara ya mwisho. Akakaza hata macho yakamtoka. Bi Shemsa akaweka wavu chini. "Haya baba, kaa. Chakula chako utaletewa."

Kule katika tangi jipya, loo! Bibi Tumbawe akawekwa katikati, juu ya jiwe pana, nduguye mbali kiasi cha kupungiana mikono. Akajinyoosha kushoto, hakuna kioo. Akajinyoosha kulia, hakuna wa kumuunguza. Akafungua kidole kimoja, akafungua cha pili, akafunguka mwili wote, kijani na zambarau, mpaka Bi Shemsa akapiga kigelegele peke yake sebuleni. Hamahama naye akalikuta gamba jipya pembeni, kubwa, linalong'aa. Akahamia siku hiyo hiyo. Alifurahi mno, akacheza chakacha juu ya mchanga.

Upande wa pili wa sebule, Kikande akatoka shimoni. Akatazama kulia, hakuna mtu. Akatazama kushoto, hakuna mtu. Mchanga wote wake, maji yote yake, jiwe na ndevu zake. Akakoroma kru! Hakuna aliyeogopa, kwa kuwa hakuna aliyekuwepo.

Basi maji yangu yameishia hapo. Hadithi ikiwa na chumvi, kalieni wali. Ikiwa imechacha, nirudishieni mwenyewe.

Na funzo lake, wanangu: ujanja ni tabia mbaya sana, msiuige. Aliyewazidi nguvu muamkieni, mwitikieni "Sawa, mzee", na siku ya kugawana mpisheni achague kwanza. Hiyo ndiyo adabu.