Saa ya Maua ya Bi Somoe

Mkono uliochoka hauvishwi maua, hupokewa mzigo.

Mnacheka? Chekeni tu, wajukuu, wake wenzangu. Tangu tumalize kula mmeinamia simu hiyo mkimchagulia mama yenu saa ya mkononi. Hii ina waridi, ile ina maua ya zambarau, nyingine mkanda wake una majani mpaka kwenye kifungo, na kila mara mnanisogezea nitazame. Nimetazama mpaka macho yamechoka. Zote nzuri. Sasa Hidaya anasema methali hiyo hajaisikia shuleni, na Salme anadhani nimeitunga sasa hivi ili niwaharibie starehe yenu. Sikuitunga mimi. Ilizaliwa hapahapa Tanga, kwenye ua wenye moshi, nami nilikuwapo. Wekeni simu chini niwasimulie ilivyokuwa, na anayetaka kusinzia asikorome.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa karibuni. Mtaa wetu ulikuwa na mpishi wa shughuli, jina lake Bi Somoe. Harusi, hitima, maulidi, akika, hakuna aliyepanga siku bila kumwuliza kwanza yeye kama ana nafasi. Wanawake wa mtaa tulikuwa na chama chetu, na shughuli ya mmoja ilikuwa shughuli ya wote. Wengine tulimenya vitunguu, wengine walichambua mchele, wengine walikatakata nyama. Lakini sufuria lilikuwa la Bi Somoe. Yeye ndiye aliyejua moto, na yeye ndiye aliyeepua.

Sufuria la shughuli mnaliona siku hizi mkalidhani kitu cha kawaida. Likijaa pilau, halichezewi. Lina masikio mawili ya kulishikia, na kila sikio lina mtu wake. Sikio la kulia lilikuwa la Bi Somoe, na la kushoto lilikuwa la shoga yake, Bi Mosi. Walianza kupika pamoja tangu wakiwa wasichana. Walikuwa wakitazamana tu, hawaambiani kitu, mara sufuria liko chini na pilau haijatikisika.

Bi Mosi akafariki. Tulimzika, tukala hitima yake, na hitima hiyo aliipika Bi Somoe. Siku ile alisimama mbele ya mafiga akatazama upande wa pili, hakuona mtu. Sote tulikuwa na kazi zetu. Akafunga matambara kwenye sikio moja, akaliinamisha sufuria, akaliburura peke yake mpaka likatoka motoni. Tukasema, "Mashallah, Bi Somoe ana nguvu." Kuanzia hapo ikawa ndiyo desturi. Hakuna aliyekataa kushika sikio la pili, ila hakuna aliyelishika.

Bi Somoe alikuwa na mtoto mmoja tu, Mwanaidi, aliyeolewa Korogwe. Mwanaidi akashika mimba yake ya kwanza. Mnajua kwetu mwana akijifungua, mama yake ndiye huenda kumlea uzazi. Humkanda kwa maji ya moto, humfunga tumbo, humwogesha mtoto, mpaka arobaini itoke. Kazi hiyo inataka mikono yote miwili, na Bi Somoe aliisubiri miaka mingi. Kila akimenya kitunguu saumu atakwambia habari za Mwanaidi. Alikwisha nunua hata beseni.

Akamwendea mwenyekiti wa chama, Bi Msimu. Nilikuwapo, nilikuwa nikirudisha sinia. Akamwambia, "Dada, nitafutieni mtu wa sikio la pili. Nimfundishe mapema, nami niende kwa mwanangu kabla mkono haujaniishia. Usiku hauniachi nilale."

Bi Msimu akacheka kwa mapenzi. Hakuwa mtu mbaya, msimfikirie vibaya. Akajibu, "Aa, Bi Somoe! Mpishi kama wewe tutamtoa wapi? Utatuacha na nani?"

Bi Somoe alikwenda tena, na tena, na kila alipokwenda alirudi na sifa. Sifa hazina uzito machoni pa anayezitoa, lakini yeye ndizo zilizomfunga. Utawezaje kuwaambia watu umechoka, na wao wanakwambia hakuna kama wewe?

Basi ikakaribia harusi ya binti wa Bi Msimu mwenyewe. Bi Msimu akatuita barazani kwake akasema, "Naona Bi Somoe siku hizi hana raha. Tumtuze siku ya harusi, mbele ya watu, afurahi. Mimi naona tumpe saa."

Siku zile saa za maua ndiyo kwanza zimeingia mjini. Kabla ya hapo saa ya mwanamke ilikuwa kitu kidogo cha rangi ya dhahabu, basi. Hizi zilikuwa na mikanda ya kila rangi na uso uliojaa maua, mishale yake ikipita juu ya petali. Tukaenda kundi zima kwenye duka la saa, na mwenye duka, masikini, akatutolea sahani moja baada ya nyingine.

Mabishano ya siku ile yangetosha kuvunja ndoa. Bi Msimu alitaka waridi jekundu, kubwa, lionekane hata na aliyekaa nyuma jamvini. Bi Tabu, jirani yangu, akasema jekundu litagombana na sare ya kijani tuliyoishona. Mwingine akapenda maua madogo meupe kama asumini, akaambiwa aache, maua meupe matupu yanamkumbusha mtu msiba. Mkanda wa zambarau ukasifiwa, kisha ukakataliwa kwa kuwa utashika madoa. Na kila saa iliyotolewa tuliijaribu. Bi Msimu aliivaa, akanyoosha mkono, akaugeuza huku na huku, akampa Bi Tabu naye avae. Ilizunguka mikononi mwetu sote, mikono yenye bangili na hina.

Mwisho tukakubaliana. Uso ulikuwa wa rangi ya maziwa, umezungukwa na maua ya waridi, ya manjano na ya buluu, na mkanda wake mwembamba, wa kijani, umechorwa majani. Ilikuwa nzuri kweli. Mwenye duka akauliza, "Huyo mwenyewe mkono wake ukoje? Niongeze tundu?" Bi Msimu akanyoosha wake akasema, "Kama huu tu." Tukaondoka.

Siku ya harusi ikafika. Bi Somoe alikuwa uani tangu alfajiri. Mimi nilikuwa karibu naye na vitunguu vyangu, na niliona jinsi alivyokoroga. Alishika mwiko kwa mkono wa kushoto, wa kulia akauegemeza juu yake kama mtu anayemwongoza mgonjwa. Nikamwuliza, "Bi Somoe, nikusaidie?" Akasema, "Vitunguu vyako vimekwisha?" Havijakwisha. Nikaendelea kumenya.

Pilau ikakauka maji. Akafunika, akapalia makaa juu ya kifuniko, akavuta pumzi. Hapo ndipo pilau hutaka mtu wa kuikalia macho. Moto wa juu ukizidi kidogo, au ikichelewa kuepuliwa, imekwisha.

Wakati huohuo tukasikia vigelegele. Kina mama walitoka ndani kwa safu, wamevaa sare, wanaimba na kucheza, mbele Bi Msimu na sinia kichwani lililofunikwa kitambaa cha kufuma. Ua ukajaa. Wakamzunguka Bi Somoe, wakamfunga kanga mpya juu ya ile yenye masizi. Bi Msimu akafunua sinia, akaiinua saa juu ionekane na wote. Vigelegele tena.

"Bi Somoe," akasema, "umetupikia harusi zetu na misiba yetu. Leo nasi tunakutuza. Lete mkono! Na sasa hutakuwa na kisingizio cha kuchelewa shughuli!"

Watu wakacheka. Bi Somoe akanyoosha mkono wa kushoto. Bi Msimu akasema, "Hapana, shoga, wa kulia, ndio uliotulisha."

Akautoa wa kulia pole pole kutoka chini ya kanga. Bi Msimu akazungusha mkanda, akavuta. Haukufika. Akavuta tena kwa nguvu, na Bi Somoe akatoa mguno mdogo. Nyimbo zikaanza kupungua kutoka mbele kwenda nyuma. Wote tuliokuwa karibu tuliuona sasa ule mkono. Kifundo kilikuwa kimevimba, kimeng'aa juu na chini ya kitambaa cha dawa kilichokifunga, na vidole havikunjiki. Hakikuwa kifundo kilichovimba jana. Tulikula kutoka mkono ule kila wiki, na hakuna aliyekuwa ameutazama.

"Huu mkono una nini?" Bi Msimu akauliza, sauti imemshuka.

"Umechoka," Bi Somoe akasema.

"Kwa nini hukusema?"

"Nimesema, dada. Nimesema barazani kwako, nimesema mpaka nimeona haya."

Harufu ikaanza. Kwanza ya karafuu, kisha nyingine nyuma yake, kali. Pilau ilikuwa inashika chini.

Bi Tabu akapiga kelele, "Bi Somoe, pilau inaungua!"

"Naisikia," akasema. Na badala ya kwenda mafigani, akakivuta kigoda chake, akakaa. Sikuwahi kumwona amekaa kabla sufuria halijaepuliwa. Akaichukua saa kutoka mkononi mwa Bi Msimu, akaitazama vizuri, maua yote, akaiweka mapajani. "Saa nzuri," akasema. "Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini mkono huu umechoka, jamani. Msiuvishe maua. Nipokeeni mzigo."

Tulisimama pale na sare zetu, na moshi unazidi. Kisha Bi Msimu, mama wa bibi harusi, ambaye siku hiyo kwa desturi hagusi hata kijiko, akavua bangili zake akazitupia katika sinia. Akajifunga kanga kiunoni, akashika matambara, akachuchumaa kwenye sikio la kulia. Akageuka akatutazama. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nikaacha vitunguu nikashika la kushoto.

Enyi watoto, uzito ule! Tuliinua, tukashindwa, tukainua tena. Makaa yalianguka, hina mpya ya Bi Msimu ikapotea katika masizi, na nilidhani mgongo wangu umekatika. Lilipogusa chini nilimtazama Bi Somoe nikafikiria kwamba yeye alilifanya hilo peke yake, kwa mkono mmoja, tangu hitima ya Bi Mosi. Nilisikia aibu ambayo siwezi kuwaeleza.

Wageni siku ile walikula pilau yenye harufu ya moshi, na wengine waliisema mpaka mwaka mwingine. Bi Msimu hakumlaumu mtu. Kila aliyenung'unika alimjibu, "Mkono uliochoka hauvishwi maua, hupokewa mzigo," akaondoka bila kueleza. Walioujua mkasa wakalieneza neno lile, na wasioujua wakalichukua hivyo hivyo. Ndivyo methali zinavyotembea.

Bi Somoe alikwenda Korogwe wiki ileile na beseni lake. Natamani niwaambie mkono ulipona. Haukupona wote. Mwanaidi alipojifungua, aliyemkanda ni mama mkwe wake, na Bi Somoe alikaa kando akielekeza, akimpakata mjukuu kwa mkono wa kushoto. Aliporudi nilimwuliza habari za huko. Akasema mtoto ni wa kike na ana nywele nyingi. Akasema, "Nilimfuta uso kwa vidole viwili. Vidole viwili vilitosha." Hakulia. Niliyelia ni mimi.

Saa aliitunza. Aliining'iniza kwenye msumari juu ya kitanda, na kila mgeni alionyeshwa. Hakuwa na ugomvi nayo. Na masikio ya sufuria tulishika kwa zamu kuanzia hapo, miaka na miaka, ndiyo maana mvua ikinyesha mnaniona nikikifunga kifundo hiki.

Haya, sasa. Salme ananitazama kama aliyenyang'anywa peremende. Unauliza, kwa hiyo saa msimnunulie mama yenu? Mnunulieni, nani amewakataza? Mama yenu anapenda maua, na ile ya manjano itampendeza. Lakini leo ameamka kabla yenu, amekwenda sokoni, amesimama kutwa nyuma ya meza yake ya nyanya, na hivi sasa namsikia langoni akihangaika kulifungua kwa kiwiko, maana mikono imejaa. Masufuria ya mchana yako karoni, yanamngoja yeye. Mmejua ukubwa wa uso wa saa, mmejua rangi ya mkanda. Kifundo chake kikoje?

Hamjui. Basi inukeni. Hidaya kapu, Salme ndoo. Simu iacheni hapo hapo, maua hayo hayanyauki. Mkono uliochoka hauvishwi maua, hupokewa mzigo.