Blanketi Lililosinyaa Shibiri Moja

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika nchi ya Shamu aliishi mfanyabiashara mchamungu aitwaye Numairi bin Hafsi. Aliuza mablanketi ya sufu yaliyofumwa na wajane wa mtaa wake. Mwaka mmoja soko la kwao lilipolala, wajane walimkabidhi mablanketi mia mbili ayapeleke Khurasani, kwenye mji wa mlimani wenye baridi kali, ambako hakuna aliyemjua.

"Hii ndiyo riziki yetu ya mwaka mzima," walimwambia. "Tumeiweka kwa Mungu, kisha kwako."

Alifika salama, akapanga bidhaa yake, akaanza kuisifu kama ilivyo desturi ya Shamu. Mteja wa kwanza alilipapasa blanketi, akauliza, "Ila yake ipi?"

"Halina ila hata moja, ndugu yangu."

Mtu yule akacheka. "Basi limeshuka kutoka peponi. Sisi wa duniani tutajifunikaje?" Akalirudisha, akaenda zake. Wa pili akauliza vivyo hivyo, akaondoka vivyo hivyo. Siku ishirini zikapita bila kuuza hata moja, na theluji ilikuwa karibu kuifunga njia ya kurudi.

Jirani yake sokoni alikuwa Bi Lubaba, mama mtu mzima aliyeuza matunda makavu. Kila alipoulizwa alijibu, "Katika kumi, moja lina mdudu," na watu wakanunua.

"Mama," Numairi akamwuliza, "mbona unaiumbua bidhaa yako, nao wanainunua?"

"Mwanangu, hapa kwetu muuzaji huanza kwa kutaja ila. Asiye na upungufu ni Mwenyezi Mungu peke yake. Ukisema blanketi lako halina, tunajiuliza unaficha nini."

Hapo Numairi akakumbuka kwamba lilikuwapo la kufichwa. Mablanketi yale yakifuliwa kwa maji ya moto husinyaa shibiri nzima. Kule Shamu kila mtu alilijua hilo, hivyo hakuwahi kulisema, wala kimya chake hakukihesabu kuwa uongo.

Asubuhi yake akaja tajiri wa msafara, mpita njia asiye wa mji ule. "Nitayachukua yote," alisema. "Niambie tu kwamba hayana kasoro, nifunge mizigo kabla ya adhuhuri."

Nyuso za wajane zilimjia Numairi. Neno moja lingetosha, na tajiri yule asingerudi kumlaumu. Akamwomba Mola wake msamaha kimoyomoyo, kisha akasema, "Yakifuliwa kwa maji ya moto husinyaa shibiri moja. Kwa maji baridi hayana neno."

"Na kwa baridi hii, nani atagusa maji baridi?" Tajiri akapanda ngamia wake, akaondoka.

Numairi akaanza kuyakunja mablanketi yake upya. Bi Lubaba, aliyekuwa amesikia yote, akanyanyuka akanunua blanketi moja.

"Lakini mama, umesikia ila yake."

"Nimeisikia. Sasa nataka kuiona."

Siku ya tatu alirudi nalo. Alikuwa amelichemsha. Akalitundika kando ya jipya, akaita watu, akaipima tofauti kwa kiganja chake, toka kidole gumba hadi kidole cha mwisho. "Shibiri moja, haikuzidi wala haikupungua. Mgeni huyu anaijua bidhaa yake, wala hadanganyi."

Yule aliyecheka siku ya kwanza akapima naye. "Naam, sasa limeshuka duniani," akasema. "Nipe mawili. Nitayafua kwa maji baridi huku natetemeka."

Theluji ya kwanza ilipoanguka, Numairi alikuwa amekwisha kuvuka mlima na riziki ya wajane. Alimwachia Bi Lubaba blanketi jipya, akarudi na lile lililosinyaa. Alilitundika mlangoni mwa duka lake huko Shamu, na kila mteja alionyeshwa hilo kwanza.

Wanangu, aendaye ugenini hubeba bidhaa yake pamoja na mazoea yake. Kimya kisichomdhuru mtu nyumbani, huko kinaweza kumdhulumu asiyejua. Mola atujaalie ulimi wa kutaja ila zetu hata pale tusipoulizwa.