Ulingo wa Pima Sita

Mtu mmoja alikuwa na ulingo wa kuwindia juu ya mti, na chini ya mti alikuwa na mdogo wake. Mkubwa aliitwa Gaudensi, mdogo aliitwa Otmari. Ninyi mliosimikwa asubuhi hii kuwaongoza wenzenu, naomba mnisikilize kidogo kabla ya pilau. Kisa chenyewe si kirefu, wala hakina furaha. Sitawaficha mwisho wake: Otmari alikufa, na alikufa kaka yake akiwa amemwona.

Walikaa bondeni, kando ya kijito, wakilima maharage. Mbawala walishuka kutoka mlimani wakala machipukizi, safu kwa safu, hata mwaka mwingine hawakubakiwa na mbegu. Kwa hiyo kuwinda kwao hakukuwa mchezo. Baba yao aliwaachia mzambarau pori mmoja mkubwa, ambao wanyama hupenda kuokota matunda yake, na katika mti huo ulingo wa fito zilizofungwa kwa kamba za magome. Ulikuwa juu pima mbili tu, yaani kama watu wazima wawili waliosimama mmoja juu ya mwingine. Mzee alikuwa na kipimo chake. Mtu aning'inie kwa mikono kwenye fito za ulingo, kisha ajiachie. Asipotua mzima, ulingo uko juu mno. Alikuwa na sharti jingine pia, kwamba aliyepiga mshale ndiye anayefuata damu. Hakueleza kwa nini. Wazazi wengi hawaelezi, wanadhani watakuwepo siku zote.

Alipofariki, Gaudensi akarithi upinde. Msimu wa kwanza aliambulia patupu, kwa sababu mbawala walimnusa na kutimua mbio. Akasema marehemu baba alikuwa anaogopa kizunguzungu, akaupandisha ulingo pima moja. Mwezi huohuo akapata wanyama wawili. Sasa niambieni, mtu akipanda kidogo akapata, nani atamwambia ashuke? Akaenda pima ya nne, akaenda ya tano. Ulipofika pima sita, ulikuwa juu kuliko paa la kanisa letu hili. Upepo uliipitisha harufu yake juu ya vichwa vya wanyama, naye aliliona bonde lote, mashamba ya watu na moshi wa jikoni kwa mama yake. Simlaumu kwa kupenda kuona mbali. Hata mimi napenda.

Lakini mshale unaotoka juu namna ile haumwingii mnyama ubavuni. Unamwangukia mgongoni, unagonga mfupa, na mnyama anaondoka nao. Wale waliopigwa na baba yao walianguka hatua ishirini kutoka penye mti. Wale wa Gaudensi walitembea nusu siku wakivuja damu, na wengine hawakuonekana tena. Tena kushuka pima sita kwa vipandio vya fito si kazi ya haraka. Basi Gaudensi akaona ni heri Otmari akae chini kichakani na mkuki wake. Yeye akipiga, anamwita, na Otmari anatoka kufuata damu. Otmari akikawia, anamwita tena. Kwa miaka miwili jina lile likitoka juu ya mti lilikuwa na maana moja tu, kwamba harakisha. Mke wa Otmari, Kolumba, alisema hata nyumbani akiitwa kula alikuwa anainuka kwa kushtuka.

Otmari alilalamika mara moja tu, siku walipokuwa wanachuna ngozi.

"Kaka," alisema, "mishale yako siku hizi inaumiza, haiui."

Gaudensi akacheka, akamwambia kupiga ni kazi ya aliye juu. Msinielewe vibaya, alimpenda mdogo wake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa juu tu. Na paja la kila mnyama lilikwenda kwa Otmari na Kolumba.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, jua bado kali. Akatokea mbawala dume, mkubwa, shingo nene. Mshale ukamwingia nyuma ya bega ukakwama, naye akajitupa ndani ya matete ya kijitoni. Gaudensi akaita, na Otmari akatoka. Hapo ndipo Gaudensi, kutoka kule juu, alipoona jambo ambalo mtu wa chini asingeweza kuliona. Mbawala hakuendelea mbele. Alizunguka, akarudi hatua chache kando ya njia ya damu yake mwenyewe, akalala, pembe zikielekea alikotoka. Mbawala mzima ni mnyama mwenye haya, lakini aliyejeruhiwa hungoja. Na Otmari alikuwa anakuja ameinama, akitafuta matone kwenye majani.

Gaudensi alivuta upinde, lakini mtu na mnyama walikuwa wamekaa mstari mmoja, akaogopa kuachia. Akaita kwa nguvu zake zote. Alimwambia asimame, alimwambia mnyama yuko pembeni, lakini kijito kilikuwa kimejaa na maji yakayameza maneno hayo. Lilifika jina peke yake. Otmari alilisikia vizuri sana. Aliinua mkono kuonyesha kwamba amesikia, akaongeza mwendo. Gaudensi akaita tena, na Otmari akaanza kukimbia.

Basi Gaudensi akashuka, kipandio kwa kipandio, uso umeelekea kwenye gome, asione kitu tena. Alipofika pima ya nne alitaka kuruka, akatazama chini, akashindwa. Akiwa hapo alisikia kelele moja fupi. Alipofika kwenye matete, mbawala alikuwa amekufa na Otmari alikuwa bado hai, pembe imempasua paja kwa ndani. Gaudensi alivua shati akalifunga jeraha, akambeba mgongoni. Otmari alifia njiani, katikati ya maharage yao, kabla hawajafika mlangoni. Hakuacha usia wowote. Aliomba maji tu.

Nilikuwepo msibani. Wazee walikuwa wameziona nyayo zake kwenye tope, zimeachana kama za mtu anayekimbia, nao walimsimulia mjane. Watu wakasema ni ajali, kazi ya Mungu haina makosa. Mimi sijui ajali inayojengwa kwa miaka miwili, kipandio kwa kipandio. Nilinyamaza, na mpaka leo kunyamaza kule kunaniuma.

Siku ya tatu Kolumba alikwenda alipokaa Gaudensi. Akapiga magoti, kama heshima inavyotaka, akamwuliza kwa sauti ya chini.

"Shemeji, ulimwona yule mnyama alivyomvizia?"

"Nilimwona."

"Na mume wangu ulimwona?"

"Nilimwona, shemeji. Nilimwita."

"Najua ulimwita," Kolumba akasema. "Ndiyo maana alikimbia."

Alivuta kanga yake akafunika kichwa, akarudi kukaa na wanawake wenzake. Gaudensi alilia kwa sauti mbele ya watu wote, mtu mzima mwenye mvi. Yu hai bado. Huwa napita kumsalimu, na huzuni yake haijapungua hata chembe.

Ndugu zangu, inaniuma kuwaletea kisa hiki siku ya sherehe yenu. Sikuja kuwaambia msipande. Lazima mtu apande kidogo, la sivyo shamba lote litaliwa tukitazama. Najua pia kwamba mkiwa huko juu mtaona mbali, na iko siku mtaiona hatari kabla hatujaiona sisi tulio chini. Siku hiyo mtatuita kwa majina yetu, nasi tutasikia. Basi nawauliza: mpaka siku hiyo, mtakuwa mmetuzoeza kuitwa kwa ajili ya nini?