Bakuli Lililochelewa

Wahenga hawakutunga methali kwa kujifurahisha. Waliposema kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, walikuwa wamekwisha kuwaona wazazi wengi wakitoa machozi ambayo watoto wao wangeyatoa zamani, wakiwa wadogo, yakakauka na kusahauliwa. Maana yake ni nyepesi kueleza na nzito kutenda. Mzazi anayeogopa kumkataza mtoto kwa sababu ya kilio hajakiondoa kilio hicho. Amekiahirisha tu, na siku kitakaporudi kitamkuta yeye mwenyewe. Aliyetaka ushahidi wa jambo hili angeupata Lindi, katika nyumba ya Bwana Abdulrahmani Likwata.

Siku hizo Mwingereza alikuwa bado anaitawala Tanganyika, na vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha. Huko Nachingwea pori lilikuwa likifyekwa ili zilimwe karanga, na kila kilichohitajika, toka misumari mpaka mapipa ya mafuta, kilishushwa pwani na kupelekwa bara kwa malori. Mengi ya malori hayo yalikuwa ya Likwata. Zamani alikuwa mchuuzi wa mbata, mwenye dhiki zake kama watu wengine. Sasa fedha zilimwingia kama maji yaingiavyo katika mtumbwi uliotoboka, na yeye mwenyewe hakujua azitie wapi. Alijenga nyumba ya ghorofa, akaweka mashine ya umeme, na watu wakawa wanapita mbele ya baraza yake ili tu wazitazame taa.

Likwata alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mkubwa aliitwa Tawakali, na mama yake alikuwa amefariki. Alikuwa kijana wa kuoa, lakini hakuwa na kazi ila kuendesha gari la baba yake na kuwapigia honi wazee barabarani. Neno shikamoo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mdogo aliitwa Kondo. Huyu alizaliwa na Mwahija, mke wa pili, binti wa wakulima wa Nyangamara.

Kondo alilelewa kama yai. Mtumishi alimpeleka chuoni, alikosomea Kurani, kwa baiskeli, na mwingine alimshikia viatu. Huko chuoni desturi ilikuwa kwamba kila mtoto, awe wa tajiri au wa maskini, alichota maji kwa zamu kuujaza mtungi wa mwalimu. Zamu ya Kondo ilipofika, alilia mpaka sauti ikamkauka. Baba yake alipopata habari, alimlipa mtoto wa jirani amchotee.

"Baba Kondo," Mwahija alimwambia mumewe, "leo umemnunulia mtoto uvivu."

"Nimemnunulia raha. Mimi nilibeba maji mpaka utosi ukaota sugu. Yeye abebe kwa nini?"

"Kwa sababu sugu hiyo ndiyo iliyokufikisha hapa."

"Mama Kondo, mwanangu akilia mimi tumbo linanikata."

"Hata mimi linanikata. Lakini mtazame Tawakali. Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Lau angekomea kabla ya kumtaja Tawakali, huenda mambo yangetulia. Likwata aliinuka kama aliyekalia kaa la moto. Neno lilizaa neno, ndugu wa pande zote mbili waliitwa wasuluhishe, wakashindwa, na kabla ya mwezi kuandama Mwahija alikuwa ameshika talaka yake mkononi.

Wakafika mbele ya kadhi ili waachane kwa wema. Baraza lilijaa watu, kwa maana kila mmoja alitaka kusikia mke wa tajiri ataondoka na nini. Likwata alisimama akiwa amevaa joho lake, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje:

"Shekhe, mimi si bahili. Kitoka nyumba, zawadi ya kuagana, nampa nyumba ya mawe hapa mjini, nampa shamba la minazi, nampa na dhahabu zote nilizomvisha. Ila mtoto abaki kwangu."

Watu waliguna kwa mshangao. Kadhi akamgeukia mwanamke. "Umesikia, binti yangu?"

"Nimesikia, Shekhe. Nyumba ile ni nzuri, nimeifagia mwenyewe. Lakini siitaki. Nataka mahari yangu yaliyobaki, na mwanangu nikae naye kwetu mpaka mjomba wake amtie jandoni, kama ilivyo mila yetu Wamwera. Akitoka huko, aulizwe mwenyewe anataka kukaa kwa nani."

"Mwanamke amerukwa na akili!" mtu mmoja akasema kule nyuma, na wengine wakacheka.

Likwata pia alicheka. Alimjua mwanawe, wala hakutegemea kwamba angemaliza wiki moja Nyangamara. "Nakubali," akasema. "Lakini siku yoyote atakayotamka mbele ya watu kuwa anataka kurudi kwangu, namchukua, na huyu mama asinidai tena mtoto."

Kadhi alimwuliza Mwahija kama ameridhia. Mwahija alijua kwamba amani yake yote sasa imefungwa katika ulimi wa mtoto anayelilia hata kamba ya kiatu. Akapiga moyo konde, akasema, "Nimeridhia."

Siku ya kwanza Nyangamara, Kondo aliandaliwa ugali wa muhogo na kisamvu. Akaisukuma sahani.

"Nataka mkate na siagi."

"Siagi iko Lindi," mama yake akajibu.

"Nitamwambia baba!"

"Mwambie."

Mtoto akalala na njaa. Kesho yake alikula nusu, akilia kila tonge. Watoto wa kijiji walimbatiza jina la Bwana Viatu, kwa kuwa alikwenda navyo hata shambani, na walimfuata nyuma wakiiga mwendo wake. Alipokwenda kushtaki kwa mjomba wake, Abilahi, mjomba alimwambia, "Vivue basi, tuone watakuitaje." Akavivua. Miguu ikamchoma, akalia tena.

Esha, jirani yao, hakuweza kuvumilia. "We Mwahija, una roho ya jiwe? Mtoto akikonda, baba yake atakuja na lori amchukue. Mkaangie hata yai!"

"Yai lipo, Esha. Atalila akishatoka kuwinga ngedere shambani."

"Na akisema anataka kwa baba yake?"

Mwahija alizunguka nyuma ya jiko, Esha akimwona, akajifuta macho kwa upindo wa kanga, kisha akarudi uso mkavu, ili mtoto asije akaona kwamba kilio chake kina soko. Jioni ile Kondo alirudi na vumbi mpaka kwenye kope, akalila yai lake na ugali wote, akaulizia ukoko.

Polepole vilio vikapungua. Mvua zikaisha, mtama ukavunwa, ukafika wakati wa jando. Abilahi alimpeleka mpwa wake kumbini, kambi ya jando iliyoko msituni, pamoja na wenzake, na huko, kama ilivyo desturi, mama hafiki. Kazi ya mama ni kupika. Kila siku akina mama walipeleka vyakula mpaka mdomo wa njia iendayo msituni, wakaacha mabakuli yao hapo. Chakula kilichanganywa, wari, yaani watoto waliotiwa jandoni, wakala pamoja, na jua lisijatua mabakuli yalirudishwa palepale. Bakuli likirudi, mama alilala usingizi. Bakuli lisiporudi, mwana hayumo tena kumbini, amekufa au amechukuliwa, na hakuna aliyemwambia mama kitu. Alipaangalia tu pahali pa bakuli palipo wazi, akajua.

Jando lilipokuwa limeendelea na vidonda vya wari vimepona, lori jipya liliingia Nyangamara mchana, likielekea msituni. Mwahija alikuwa anatwanga. Alimwona Likwata amekaa mbele karibu na dereva, na nyuma makasha yamepangwa mpaka juu. Madereva wake walikuwa wamempelekea habari kwamba mtoto wake analala juu ya majani kandokando ya majivu, na tumbo lilikuwa limemkata kweli. Kwa kuwa ni mwanamume aliyepita jando, hakuna wa kumzuia asiingie kumbini.

Mwahija aliuacha mchi kinuni, akaenda kungoja kwenye mdomo wa njia. Lori lilitoka kwa kasi, likapita likimwaga vumbi, naye hakuweza kuona nani yumo ndani. Akina mama wengine wakafika kuchukua vyombo vyao. Siku hiyo mabakuli yalichelewa. Yalipoletwa, kila mama aliokota lake. La Mwahija halikuwamo.

"Subiri, dada yangu," Esha alisema.

Mwahija alikaa chini palepale mchangani. Kisha mama mmoja akatia mkono katika bakuli lake, akasema, "Hii nini?" Alitoa kipande cha halua, kidogo kama kucha, kimefungwa katika jani. Mwingine akatazama lake, naye akakuta. Kila bakuli lilikuwa na kipande chake. Wakawa bado wanashangaa, wakamwona Abilahi anakuja mbiombio kutoka msituni, ameshika bakuli la dada yake juu ya kichwa kama taji.

"Nimelileta mwenyewe," akasema akihema. "Nilitaka nikuhadithie kwa mdomo wangu. Shemeji alishusha halua, biskuti na mablanketi. Akamwambia mtoto, 'Kula, mwanangu.' Kondo akalichukua kasha la halua, akampelekea mlezi wa wari aligawe. Baba yake akasema, 'Nimekuletea wewe!' Akamjibu, 'Baba, hapa mtu hali peke yake.' Tena akaomba akina mama mtiliwe kidogo."

"Halafu?"

"Halafu akamwuliza mbele yetu sote, 'Unataka kurudi nami Lindi?'"

"Akasemaje, Abilahi?"

"Alilia. Akasema, 'Nataka.'"

Mwahija alifumba macho.

"Ngoja nimalize, dada! Akasema, 'Nataka, baba, lakini kesho ni zamu yangu ya maji. Nikiondoka, nani atachota?' Shemeji akasema, 'Nitamlipa mtu.' Wari wote wakaangua kicheko, na mwanao akacheka nao huku machozi yanamtoka. Akasema, 'Zamu ya hapa haiuzwi, baba.'"

Akina mama walipiga vigelegele. Mwahija alilitazama bakuli lake, akakiona kipande chake cha halua, lakini hakukila. "Na baba yake je?"

"Amekasirika. Anasema neno 'nataka' limetoka mbele ya mashahidi, basi limetosha. Nikamwambia, mwari hatolewi kumbini kabla ya wakati. Siku ya kutoka, mtoto ataulizwa mara ya mwisho. Amesema atakuja."

Siku ya kutoka ikafika. Kumbi likachomwa moto, na wari wakaja mbio bila kugeuka nyuma, wamenyolewa, wamevaa kanzu mpya, ngoma zikiwapokea. Likwata alifika kweli, lakini hakuja na lori. Alikuja amepanda nyuma ya baiskeli ya mtu, bila joho, na jicho moja limevimba. Mwahija alisimama kumpokea.

"Mama Kondo," Likwata akasema kwa sauti ndogo, "usiogope. Sikuja kumchukua."

Akakaa mkekani pamoja na akina baba wengine, akaeleza bila kuficha. Tawakali alikuwa ameuza malori mawili kwa siri. Alipoulizwa, alimwambia baba yake kwamba mali yote ni yake yeye mrithi, ila mzee anachelewa kufa tu. Kisha akamzaba kofi sokoni, watu wakitazama. "Kijana huyu sikuwahi kumnyima kitu," Likwata alisema. "Alipolia nilimpa. Alipolia tena nilimpa tena."

Hakuna aliyemcheka. Wakati huo wari walikuwa wakipitishwa mbele ya wazee kutoa heshima. Kondo alifika mbele ya baba yake, akapiga goti, akasema, "Shikamoo, baba."

Likwata alifungua kinywa aitikie marahaba, kikatoka kilio. Mtu mwenye ghorofa na mashine ya umeme alilia mbele ya kijiji kizima, mabega yakimtikisika, na mtoto akabaki amepiga goti, akingoja kuitikiwa kama alivyofunzwa.

"Marahaba," Likwata alisema mwishowe. "Marahaba, mwanangu."

"Sasa tumwulize," Abilahi akasema, "maana ahadi ni deni. Kondo, utakaa kwa nani?"

Mtoto alimtazama mama, akamtazama baba. "Nitakaa kwa mama. Tukishavuna nitakwenda Lindi kumtazama baba, nimpelekee ufuta." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Maji nitachota mwenyewe."

"Hayo ndiyo niliyoyajia," Likwata akasema. "Kwa Shekhe nilidai neno la mtoto litamkwe mbele ya watu. Basi watu wasikie na langu leo: mlee hivihivi, Mama Kondo. Mimi nitaleta ada ya shule, wala sitaleta viatu vya kushikiwa."

Mwahija alishusha pumzi ndefu, kama mwanamke aliyetua mtungi baada ya kupanda kilima. Alichota pilau katika lile bakuli lililochelewa, akampa mwanawe ampelekee baba yake, na baba na mwana wakanawa, wakala chombo kimoja.

Tangu siku hiyo, kila mzazi wa Nyangamara alipoona moyo wake unataka kulainika mbele ya kilio cha mtoto, alikumbuka machozi ya aina mbili: ya mama, yaliyofutwa nyuma ya jiko yakaisha, na ya baba, yaliyomwagika mbele ya kijiji. Basi wahenga hawakukosea hata kidogo: mchelea mwana kulia, hulia yeye.